Mkono na ndege kwenye kidani: je, maana ni moja duniani kote?

SWALI: Nimezawadiwa kidani cha fedha chenye mkono wa hamsa, na katikati ya kiganja kuna ndege. Muuzaji alisema alama hizi zina maana moja katika tamaduni zote, kwamba vidole vikitazama juu hufukuza uovu na vikitazama chini huleta riziki. Pia anadai kidani lazima "kiamshwe" na mtaalamu, kwa malipo. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na hilo la kuamsha ni utapeli. Usilipe chochote.

Kazi yangu ni kuhifadhi vito vya kale, na swali hili nalipokea kila mara. Hamsa kwa Kiarabu maana yake ni tano, shina lilelile lililotupa hamsini na Alhamisi. Waislamu wa Afrika Kaskazini huuita mkono wa Fatima, binti wa Mtume. Wayahudi waliokuwa majirani zao huuita mkono wa Miriamu, dada yake Musa. Wote waliuvaa kujikinga na kijicho, na huko Moroko masonara wa Kiyahudi waliwafulia wateja wa dini zote mbili. Vidole kutazama juu au chini? Tazama tu sonara alikochomelea kitanzi.

Kinachoniudhi hasa ni hili la "maana moja katika tamaduni zote". Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, wana mkono wenye gurudumu kiganjani, nao unahusu ahimsa, yaani kutodhuru kiumbe chochote. Hauhusiani kabisa na kijicho, lakini nimeuona ukiuzwa kwa jina la hamsa. Kule Ohio, Marekani, umechimbuliwa mkono mzuri ajabu uliokatwa kwenye bamba la ulanga, madini yanayong'aa na kubanduka tabaka tabaka, miaka kama 2,000 iliyopita. Waliouchonga, wenyeji wa kale wa Amerika wa utamaduni uitwao Hopewell, hawakuacha maandishi. Anayekutajia maana yake kwa uhakika ameitunga mwenyewe.

Na ndege je? Ndege yupi? Bundi alikuwa ndege wa Athena, mungu wa hekima wa Wagiriki, na walimpiga chapa kwenye sarafu zao; kwa jamii nyingi za Afrika bundi huyohuyo akilia usiku, watu hawalali. Kipanga wa Misri ya kale ni mungu Horus, na kwarara ni Thoth, mungu wa waandishi. Sankofa ya Waakan wa Ghana, ndege aliyegeuza shingo nyuma, imebeba methali: si kosa kurudi kuchukua ulichosahau. Ukiitenga na lugha ya Waakan, unabaki na ndege anayetazama mkia wake.

Hawa wanaojiita wataalamu wa alama huanza kwa kufuta jina la jamii iliyotengeneza kitu, kwa sababu kisicho na wenyewe ni rahisi kukipachika maana yoyote. Kisha hukuuzia hofu, na mwishowe dawa ya hofu hiyo. Nimekutana na watu waliolipa mara tatu, kila mara wakiambiwa nguvu "imelala tena". Wengine waliacha dawa za hospitali wakitegemea kipande cha bati.

Kidani chako kivae kama kinakupendeza. Ukitaka kujua kilikotoka, kigeuze: alama ya sonara au muhuri wa fedha, kama upo, mara nyingi hugongwa nyuma au kwenye kitanzi. Nitumie picha ya upande huo, pamoja na ya mdomo na mkia wa ndege.