Muulize Fundi: Moshi si shida, shida ni hiyo rangi mpya

SWALI: Fundi habari ya kazi. Nimepata Fiat X1/9 ya 1981 inauzwa huku Karen, nyekundu, ile ya injini nyuma ya viti na taa za kuchomoza, namba ni zile za zamani hazina herufi mwisho. Mwenyewe anataka milioni moja na laki nane, anasema maongezi yapo. Ilikaa Nyali miaka mingi ndio ikaletwa Nairobi juzi, imepigwa rangi mpya inang'aa hadi unajiona. Shida ni kwamba ikiwashwa inatoa moshi mweusi na ukikanyaga mafuta inasitasita, beshte yangu ananiambia injini imekwisha, nikimbie. Nikimbie kweli?
Msomaji, Lang'ata

JIBU: Usikimbie bado kaka, beshte yako anaogopa kitu kidogo. Moshi mweusi ni petroli nyingi hewa kidogo. Hiyo gari ni ya kabureta, sasa kama iliwekwa sawa huko Nyali kando ya bahari halafu ikapandishwa Nairobi, karibu mita 1,700 juu, hewa ya huku ni nyepesi na kabureta bado inamwaga petroli ile ile ya Mombasa, lazima ikohoe. Chomoa plagi uiangalie. Ikiwa nyeusi na kavu, ni kubadilisha jeti (kale katundu kanakopima petroli ndani ya kabureta) na kuseti kabureta, fundi wa enzi za kabureta hatakusumbua. Ukiona moshi wa bluu na plagi imeloa oili, hapo ndio tuongee habari ya ringi za pistoni, zile zinazozuia oili isiungue.

Na hata ikifika kwa ringi usilie. Watu wakisikia gari ya spoti ya Muitaliano injini katikati wanaona Ferrari na bili zake. Hii ilitoka Bertone, mchoraji Marcello Gandini, yule yule wa Lamborghini Miura, lakini Fiat waliitengeneza 1972 kwa ajili ya mtu wa mshahara, wakachukua injini na gia za Fiat 128 wakazihamishia nyuma ya viti. Hiyo yako ni ya cc 1500, gia tano. Wazee wa Grogan, kule kwa mafundi na spea Nairobi, walioshika 128 na Uno wataifungua bila kuuliza swali.

Sasa hiyo rangi ndio inaninyima usingizi. Gari ya Nyali, hewa ya chumvi, halafu inapigwa rangi karibu na kuuzwa? Mimi ningetaka kujua kilichofunikwa. Funga sumaku ndogo kwa kitambaa uipitishe polepole chini ya milango, kando ya matairi na pale kioo cha mbele kinapokalia bodi, mahali isiposhika ujue umegusa fila, ile lipu ya kuziba mashimo ya bodi. Inua kapeti, bonyeza sakafu kwa kidole gumba. Toa lile paa (linatoka lote, linalala kwa buti ya mbele) uone kama kuna maji yamekuwa yakilala humo ndani. Halafu fungua kifuniko cha injini, chukua tochi, angalia pale juu shoki za nyuma zinaposhika bodi. Hapo usionee mtu haya, kwaruza kabisa, kwa sababu X1/9 haina chesisi ya pekee, bodi ndio chesisi, na pakioza hapo panel bita (fundi wa bodi) atakuwekea kiraka kizuri cha macho tu, siku utapiga tuta kwa spidi utajua.

Kitu kingine, rejeta iko mbele na injini nyuma, so maji yanasafiri kwa mabomba marefu chini ya gari. Kama mabomba yameoza ama hewa imebaki ndani, itachemsha. Iendeshe wewe mwenyewe jioni kwa jam ya Ngong Road ukiangalia geji ya joto na usikie kama feni inaingia. Muuzaji akikataa jam, jibu unalo.

Logbuku fanya search NTSA, wale wa kusajili magari, kabla ya kutoa hata deposit, namba ya chesisi na ya injini zisomeke na zifanane.

Pale kwa shoki pakiwa pameoza, usichukue hata kwa nusu bei. Pakiwa pasafi, anza kuteremsha bei na huo moshi, na usimwambie ni jeti.

SWALI: Fundi, si rahisi niagize X1/9 safi kutoka Uingereza?
Msomaji, Ruaka

JIBU: Usukani wa kulia wangekubali, umri hapana. Kwa utaratibu wa kawaida gari iliyotumika haifai kuzidi miaka 8 ikiingia Kenya, na hii iliacha kutengenezwa 1989. Tafuta iliyo hapa tayari. Wakati wa maonyesho ya magari ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse wenye magari ya zamani wanajaa, waulize nani amechoka na yake.