Kisanduku cha mama yake bibi bado kitupu

Mhariri, wiki hii mmeuliza "watoto wakishakua wakaondoka, nyie mabibi na mababu raha yenu iko wapi?" Nilitaka kujibu fasta tu kwamba ni wajukuu, wanakuja wanavuruga nyumba alafu wanaondoka unabaki unaokota soksi huku unacheka peke yako. Ila mwaka huu kuna kitu kingine kimeniteka, na waliokianzisha ni hao hao.

Mjukuu wangu wa miaka 12, mtoto wa kijana wangu, alikuja na karatasi kachora mti wa ukoo, visanduku visanduku. Bibi, mama yako anaitwa nani? Nikamjibu. Na mama yake? Nikamjibu. Na mama yake huyo? Hapo nikanyamaza. Yaani upande wa baba nawataja wanaume mpaka wa sita bila kupumua, lakini huyo mama ambaye bila yeye nisingekuwepo sina hata jina lake. Niliona aibu jamani.

Ndo tukaanza kutafuta, mimi, babu yao na watoto. Tulikimbilia mtandaoni kwanza, tukajisajili FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo, maana ni bure, ni ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho ila sio lazima uwe muumini wao, nikajaza kila ninachojua na kumbe ninachojua kinaenea kwenye skrini moja ya simu! Afu shida ya kuwatafuta wanawake ni hii, nyaraka nyingi za zamani zinamtaja kama "mke wa fulani" basi, na kwingine akiolewa anabadili jina, ukikosa jina la kwao ndo umeshampoteza.

Tukarudi kwa watu. Nina mama mdogo anakaribia miaka 90, huyo tunayemtafuta ni bibi yake kabisa, si nikajua jina tumelipata. Akasema, "Tulimwita Bibi, nani angethubutu kumtaja jina?" Nikachoka. Lakini nilijifunza kumuuliza vizuri. Ukimuuliza mwaka anakuambia hajui, ukimuuliza vita kubwa ilikuwa imeisha? anakumbuka kila kitu, kwamba bibi yake alifariki vita ikiwa bado na yeye mwenyewe mama mdogo alikuwa anajua kubembeleza mdogo wake. Kwa hiyo kabla Vita ya Pili ya Dunia haijaisha 1945 na baada ya huyo mdogo kuzaliwa, tumebakiwa na miaka mitatu tu ya kubahatisha. Mjukuu anarekodi kwa simu, mimi nauliza, babu yao kazi yake kuingilia katikati na stori za kwao ambazo hakuna aliyemuuliza.

Kijana wangu anasema mama si upime DNA tu. Nikasoma kidogo. Kuna DNA ya mitokondria ambayo mtoto anaipata kwa mama peke yake, kwa hiyo mimi ninayo ya huyo bibi asiye na jina, binti yangu anayo na wanawe wanayo. Kijana wangu naye anayo, lakini inaishia kwake, wanawe wana ya mama yao. Kwa hiyo huyu huyu aliyechora mti ndo hana! Alinuna siku nzima. Nikamtuliza kwamba ile DNA nyingine ya kawaida inagawanyika nusu kwa nusu kila kizazi, yeye atakuwa nayo kama asilimia 3 kwa wastani kutoka kwa huyo bibi, akasema 3 ni kidogo, nikamwambia ni zaidi ya jina tulilonalo.

Kupima bado sijapima. Ukipima wewe umewapima na ndugu zako nusu nusu, hawajaulizwa, na kampuni zenyewe ndo hizi, 23andMe, ya Marekani inayopima DNA, iliomba ulinzi wa ufilisi mahakamani Machi 2025 na watu wakaanza kuhangaika data zao zitaangukia mikononi mwa nani. Labda baadae.

Sa hizi mama mdogo amekumbuka kuna rafiki wa bibi yake aliyekuwa akija akisimama mlangoni anamwita kwa jina. Sauti anaikumbuka, jina ndo linamponyoka. Jumamosi tunampigia tena, asubuhi, maana mchana anasinzia katikati ya sentensi.