Usinunue saini kabla hujajua kwa nini iko hapo

Kwenye barua za maofisa wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865), mkusanyaji mgeni hukimbilia saini. Wewe tazama kwanza stempu, hasa pale ambapo haipo.

Tangu Julai 1861, askari wa kawaida wa Kaskazini (upande wa serikali ya Muungano) aliweza kutuma barua bila stempu, mradi bahasha iandikwe "Soldier's Letter" (barua ya askari), na meja au mkuu mwingine wa kikosi atie saini. Senti 3 zililipwa na mpokeaji. Maofisa hawakuwa na ruhusa hiyo. Basi bahasha ya Kaskazini isiyo na stempu, yenye saini ya meja pembeni, kwa kawaida ilibeba barua ya askari wake. Meja aliidhinisha tu. Saini ni yake kweli, lakini usiilipie bei ya barua yake.

Kusini, upande wa majimbo yaliyojitenga, mambo yaligeuka. Huko ofisa na askari wote waliruhusiwa kutuma bila kulipia kwanza (mpokeaji ndiye aliyelipa), na aliyetakiwa kuandika jina, cheo na kikosi kwenye bahasha ni mwandishi mwenyewe. Jina hilo ndilo la kutafuta. Angalia na ada: senti 5 hadi maili 500, 10 kupita hapo, kuanzia 1 Julai 1862 ikawa 10 popote. Barua ya kambini ya 1863 inayodaiwa senti 5 ina walakini.

Kama stempu ipo, shika lenzi ya mara 10 ufuate mstari wa muhuri wa posta unapotoka kwenye stempu kuingia kwenye bahasha. Ukikatika au ukihama, huenda stempu imebandikwa baadaye.

Amri za jeshi ndizo zinazowaliza wengi. Chini ya maneno "By command of" (kwa amri ya) huandikwa jina la jenerali, lakini limeandikwa na karani. Saini halisi ni ya ofisa msaidizi aliye chini yake. Pima cheo na tarehe pia: Grant, jenerali wa Kaskazini, hakuwa Luteni Jenerali kabla ya Machi 1864.

Karatasi ikiwaka buluu-nyeupe chini ya taa ya urujuanimno, irudishe. Kemikali hiyo ya kung'arisha ni ya karne ya 20. Wino wa chuma wa wakati ule huwa umegeuka kahawia.

Hifadhi kwenye mifuko ya polyester, kamwe si ya plastiki ya PVC. Selotepu usiiguse, na laminesheni ndiyo kabisa, kwani haitoki tena.