Kwa wanaoanza taarabu: Siti binti Saad alipendwa kwa nini?

Vijana wanaotaka kuimba taarabu wakinijia, swali lao la kwanza huwa ni moja: je, sauti yangu inafaa? Mimi ni mpiga fidla. Nimekaa nyuma ya waimbaji wengi, wengine wenye sauti za kumtoa mtu machozi, na nimeona ukumbi ukiwasahau kabla viti havijakunjwa. Kwa hiyo sauti tutaizungumza baadaye. Kwanza kaeni msikilize santuri za Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar. Zinakwaruza, udi unasikika kama unapigwa chumba cha pili, na maneno mengine itabidi muyarudie mara nyingi ndipo myapate. Yapateni. Andikeni ubeti kwa ubeti kwa mkono wenu, kisha tujiulize watu walimpendea nini.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, mtoto wa wazazi wenye asili ya bara. Nyumbani kwao walifinyanga vyungu, na yeye alivitembeza akinadi. Mwaka 1911 akahamia mjini. Taarabu ya mjini siku hizo ilikuwa ya wenye nafasi. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta muziki huo kutoka Misri kwa ajili ya kasri lake. Ikhwani Safaa, iliyoundwa mwaka 1905, ilikuwa klabu ya wanaume, na nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Mmoja wa wanachama wake, Ali Muhsin, aliisikia sauti ya Siti, akamfundisha kuimba kwa vyombo.

Angeweza kuishia hapo, mwanamke wa shamba aliyejua kuimba Kiarabu vizuri, anayealikwa kwenye harusi za wakubwa na kurudi kwake na bahasha. Wengi wangeridhika. Siti na wenzake walizichukua zile lahani wakaziimbia Kiswahili, tena Kiswahili cha watu wa Ng'ambo, upande wa pili wa hori, mbali na majumba ya mawe.

Wanafunzi wangu hupenda kuiruka Ng'ambo waende moja kwa moja kwenye muziki. Msiiruke. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na wengi waliojaa Ng'ambo walikuwa waliowahi kuwa watumwa, watoto wao, na watu waliotoka bara kutafuta kazi: wachukuzi, wapishi, mafundi, wauza samaki. Walijenga vibanda vyao kwenye viwanja vya watu wengine na wakadaiwa kodi ya ardhi. Mwaka 1928 waligoma kuilipa. Watu hawa walikuwa na mengi ya kusema, ila hapakuwa na gazeti lao wala kiti chao barazani kwa Mwingereza. Sasa fikirini mmoja wao, aliyeingia mjini na kaniki yake, anasimama mbele ya udi na fidla, vyombo vya kasri, na anaimba habari za mtaani kwao kwa maneno yanayosemwa mtaani kwao. Hata sauti ya kawaida ingesikilizwa.

Mfano ninaoutumia darasani ni wimbo wa Kijiti. Kisa chake kilitokea kweli. Mwanamke mgeni mjini alichukuliwa na mwanamume, akapelekwa maguguni, akauawa. Mwanamume akatoroka akavuka bahari, na mahakamani walioingia matatani wakawa wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu. Tazameni wimbo ulivyojengwa. Unaanza kwa kuwaita watu waone alichokifanya Kijiti. Haumtukani. Unaeleza tu: kamchukua mgeni, kacheza naye mchezo wa kukimbizana kama watoto, kaenda naye maguguni, kamrejesha maiti. Huo mchezo wa watoto ulivyowekwa pale katikati ya mauaji ndio unaonikata maini mpaka leo. Kisha wimbo unafika mbele ya jaji, na hapo nao hausemi kwamba sheria imeonea. Unataja nani kafanya nini na nani kafungwa, basi. Aliyekaa kwenye mkeka anamalizia mwenyewe, na akishamalizia mwenyewe, wimbo ni wake.

Nyinyi mnaoandika leo mna ugonjwa wa kueleza. Ubeti wa kwanza kisa, wa pili kisa, wa tatu mnaanza kutuhubiria tujifunze nini. Ukataeni ubeti huo. Msikilizaji wa pwani amekulia kwenye mafumbo. Ukimfumbulia umemnyang'anya raha yake. Siku mkipata nafasi ya kukaa jukwaani bila kazi, muangalieni mtu anayeinuka kwenda kutunza. Mara nyingi haondoki kitini wakati wa kiitikio, hata kama kiitikio ndicho kinachochezeka. Anaondoka kwenye ubeti fulani, noti mkononi, na akifika kwa mwimbaji anamtazama mtu mwingine kabisa pale ukumbini. Amepata la kumwambia mwenzake bila kufungua mdomo. Kazi ya mtunzi ni kumpa ubeti huo.

Na ubeti huo unatoka wapi? Siti hakukaa peke yake chumbani kusubiri ushairi umshukie. Kundi lake lilikuwa la watu wale wale kwa miaka: Subeti Ambari, Mbaruku Effandi, Budda bin Swedi, Maalim Shaaban. Walikutana nyumbani kwake Ng'ambo, wakapiga, na majirani na wapita njia wakaingia kusikiliza na kuzungumza. Nani kaachika, nani kafungwa, karani gani kala fedha. Habari iliingia usiku kama mazungumzo, ikatoka baadaye na lahani. Watu walikuwepo wimbo ukizaliwa, wengine walitia neno. Ukumbini waliimba pamoja naye kwa sababu walishaujua kabla haujakamilika.

Ndiyo maana sipendi mazoezi ya mlango kufungwa. Mkiogopa kuibiwa lahani, funga mlango wiki ya mwisho. Kabla ya hapo acheni bibi wa nyumba ya jirani aingie na kiti chake. Akisinzia, mjue ubeti gani umemlaza.

Mwaka 1928 kundi hilo lilisafiri kwa meli hadi Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice, lebo ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Zilikuwa miongoni mwa rekodi za mwanzo kabisa za kuimba kwa Kiswahili, na zilienea pwani nzima na hata bara, kampuni nyingine zikaja mbio kutafuta waimbaji wao. Gramafoni haikuwa ya kila nyumba. Lakini mkahawa ukiwa nayo moja, mchukuzi aliyelipia kikombe cha kahawa alimsikia Siti sawasawa na tajiri mwenye gramafoni yake. Mwimbaji aliyekuwa wa Ng'ambo akawa wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam pia.

Kuna jambo la kifundi hapa ambalo vijana hawalioni kwa sababu wamezaliwa na simu. Upande mmoja wa santuri zile ulibeba kama dakika tatu. Wimbo wa harusini ungeweza kwenda mpaka mishumaa ikaisha, ubeti ukarudiwa kadiri watu wanavyotunza. Kwenye santuri lazima uchague: ubeti upi ukitoka kisa kinaanguka, na upi ukitoka hakuna atakayejua. Lifanyeni zoezi hili na nyimbo zenu. Wekeni saa mezani, dakika tatu, imba. Mtashangaa ni mapambo mangapi yanakufa bila msiba.

Wapo watakaosema watu walimpenda kwa sababu alikuwa na wapinzani. Kuna ukweli kidogo. Pwani yetu haifurahi bila pande mbili. Wakati huo huo ngoma ya beni, ile iliyoiga bendi za kijeshi, ilikuwa imegawa miji, kundi la Marini huku na la Arinoti kule, kila upande na sare zake, vyeo vyake na matarumbeta yake, na watu walitumia pesa wasizokuwa nazo ili wenzao waaibike. Siti naye alichokozwa. Wenye ukoo na sura walimtungia beti kwamba amekuwa mtu lini huyu, kaja mjini amejifunga kaniki, kama si sauti angekula nini. Jibu lake liliingia kwenye historia ya taarabu: hakudai kuwa ni mzuri, hakujitafutia ukoo. Alisema uzuri na jadi si hoja, hasara ni kukosa akili. Kwa beti chache alikubali yote waliyomtupia, halafu akawaachia wao aibu.

Lipimeni jibu hilo na mipasho ya leo. Mipasho mingi inachomoa jina la mtu, inataja deni lake na mume aliyemkimbia, na ikitoka mjini wiki mbili haina maana tena kwa mtu yeyote. Jibu la Siti lilimfaa kila aliyewahi kuambiwa kwamba kwao hakujulikani, na mjini walikuwa wengi mno. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipozidi wenzake. Wapinzani walimpa sababu ya kuimba, na yeye akawageuza kuwa wapinzani wa msikilizaji.

Alifariki mwaka 1950. Nyimbo zake hazikwenda naye, na aliyezibeba kwa ukaidi kuliko wote ni Bi Kidude, Fatma binti Baraka, ambaye utotoni aliwahi kumsikiliza Siti na akaimba hadi alipofariki mwaka 2013. Sauti yake haikufanana na ya Siti hata kidogo. Ilikuwa nzito, ya moshi, na alizizoea ngoma za unyago kuliko ustaarabu wa fidla. Alizibadilisha nyimbo zile mapigo na mwendo, na ukumbi ulisimama vilevile. Nendeni mkaziweke pamoja rekodi mbili, ya Siti na ya Bi Kidude, wimbo ule ule. Vyombo vimebadilika, sauti imebadilika, mwendo umebadilika. Orodhesheni vilivyobaki.

Wiki ijayo kila mmoja aje na kisa kimoja kinachozungumzwa mtaani kwake sasa hivi, mistari minne, bila kiitikio na bila jina la kumdhalilisha mtu. Asiyekuwa na kisa asije na udhuru wa sauti. Apande daladala asubuhi, azime simu, ashuke kituo cha mwisho.