Kabla Hamjaifungua Kabureta, Itazameni Choki

Vijana wangu wa gereji, wiki hii nimemkuta mmoja wenu ameitandaza juu ya gunia kabureta ya Corolla yenye injini ya 4K, jeti huku, boya kule, ilhali mwenye gari alilalamikia jambo moja tu: likishawaka asubuhi, linatoa moshi mweusi hadi afike mjini. Nilipomuuliza kama aliitazama choki, ile inayobana hewa inayochanganyika na petroli ndani ya kabureta ili injini ya baridi iwake, alinijibu kwamba aliuvuta mkono wa kwenye dashibodi akaona unakwenda na kurudi. Nami niliwahi kuridhika na jambo hilohilo, na mtu akapoteza injini.

Kwanza, ondoeni mfuniko wa ea klina, yaani chujio la hewa, injini ikiwa bado ya baridi, mmoja avute choki na mwingine akitazame kipepeo, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa kwenye mdomo wa kabureta. Mkono ukivutwa wote kinapaswa kufunga. Ukirudishwa, kinapaswa kusimama wima kabisa. Kikibaki kimelala, hewa inabanwa na petroli inazidi, na hapa Dodoma, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa tayari ni nyepesi, kwa hiyo kosa ambalo Dar es Salaam lingevumilika huku linaonekana kwenye ekzosi.

Mimi sikutazama. Mzee mmoja aliyekuwa akibeba mahindi kutoka Kibaigwa kwa pikapu kuukuu aliniletea malalamiko kama hayo, nikabadilisha plagi, nazo baada ya siku chache zikawa nyeusi tena. Nikaifunga zaidi skrubu ya mchanganyiko, nikaiosha kabureta, nikabadilisha nidili ya boya, na kila mara nikapokea fedha zake na kumwambia kwamba gari limezeeka. Kumbe waya wa choki ulikuwa umeshikwa na kutu ndani ya ganda lake: ukivutwa ulinyooka na kukifunga kipepeo, lakini ukisukumwa ulipinda kama upinde karibu na kabureta, hivyo mkono ulirudi wote kwenye dashibodi huku kipepeo kikibaki nusu. Petroli iliyozidi ikaosha kuta za silinda na kuteremka hadi kwenye oili, ikaifanya nyepesi. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba nilichomoa kijiti cha kupimia oili nikaona oili imepanda juu ya alama, nikamsifia mzee kuwa injini yake haili oili, wala sikukinusa kijiti. Injini ilinoki njiani, magunia yakiwa juu. Aliuza ng'ombe ili anunue injini ya mtumba, na waya ule niliuona siku tulipokuwa tukiishusha injini ya zamani. Nilimweleza ukweli, na kazi ya kufunga sikumtoza, lakini ng'ombe hawakurudi.

Pili, mhimili wa kipepeo ukiwa mzito, usafisheni kwa dawa ya kabureta. Msiupake oili, kwa maana oili na vumbi letu hugeuka kuwa tope.

Tatu, injini ikilowa petroli, rudisheni choki ndani, kanyageni mafuta hadi chini bila kupampu, na mpige stata kwa sekunde chache tu. Mwezi wa sita na wa saba, upepo wa asubuhi ukiwa mkali, mtaletewa magari mengi yaliyozimishwa na wenyewe kwa kupampu, na betri zao zitakuwa zimekufa kabla hamjafika.

Nne, kama choki ni ya otomatiki, springi yake hulegea kwa joto la maji au la umeme. Hakikisheni kwanza kwamba maji ya moto yanapita au umeme unafika, kabla ya kulegeza skrubu yoyote. Nimeona springi nzima zikikunjwa kwa koleo kwa sababu ya waya mmoja uliochomoka.

Corolla ile imefungwa waya mpya jana jioni, na kipepeo kinasimama wima. Oili yake tumeimwaga yote, kwa kuwa kijana mwenyewe alikinusa kijiti na kukuta kinanuka petroli.