Kabla hujatoboa boriti kwenye programu

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wanaoanza, hasa wale wa SEAP (mpango wa mafunzo kazini kwa wahandisi wahitimu) waliotoka chuo wakiwa wepesi wa STAAD.Pro au SAP2000, programu za kuchanganua majengo, ni hili: "Kaka, boriti hii ina tundu. Nalichora vipi humu?" Jibu langu huwakera: mara nyingi hulichori. Boriti kwenye programu ya uchanganuzi ni mstari kati ya nodi mbili, na mstari huo umebeba namba tu: eneo la chuma, inesha (ugumu wa umbo dhidi ya kupinda), eneo la shia (nguvu inayokata boriti kwa upana), uzito kwa mita. Namba haitobolewi. Kazi yako ni kujua tundu limegusa namba ipi na kwa kiasi gani, kisha uamue kama programu inahitaji kuambiwa au jambo linaisha kwenye karatasi.

Huku Mwanza kazi nyingi za chuma tunazopata zinafanana: maghala ya Nyakato na Igoma, sakafu za juu ndani ya viwanda vya minofu ya sangara, minara ya matenki juu ya mawe, kenchi za paa pana. Matundu yake ni ya bolti, ya kupitishia mabomba na nyaya, na vile vijitundu vya kutolea hewa kwenye bomba la mraba linalokwenda kuzamishwa kwenye zinki. Hivi vya mwisho nivimalize hapa hapa. Usivisahau kwenye mchoro, kwa sababu bomba lililozibwa pande zote likiingia kwenye zinki ya moto linaweza kupasuka na kuumiza watu. Viweke karibu na ncha za kipande, mbali na sehemu yenye momenti (nguvu ya kupindisha) kubwa, na hutakuwa na hesabu ya maana ya kufanya.

Tuje kwenye bolti. Bolti ya M16 inahitaji tundu la milimita 18, ya M20 milimita 22. Programu haijui kama kiungo chako ni cha bolti au cha kuchomelea mpaka uiambie. Kwenye STAAD.Pro kuna kigezo kinaitwa NSF ambacho usipokigusa kinakaa 1.0, maana yake chuma chote kipo na hakuna kilichotobolewa. SAP2000 nayo ina mahali pa kuweka uwiano wa eneo lililobaki kwa eneo zima. Vigezo hivi vinahusu vipande vinavyovutwa. Kwenye kipande kinachogandamizwa, Eurocode 3, kanuni ya Ulaya ya majengo ya chuma, haikudai utoe tundu ambalo bolti imelijaza, isipokuwa tundu hilo liwe limepanuliwa kupita kawaida au limerefushwa. Kumbuka hilo siku ukiona fundi wa saiti anapanua matundu kwa gesi kwa sababu bolti zimekataa kuingia. Hesabu uliyofanya ofisini si ya tundu lile tena.

Sasa angalia mfano mmoja kwa karibu, maana hapa ndipo wengi wanapoona rangi ya kijani kwenye skrini wakafunga kompyuta. Una kipande cha mshazari kwenye kenchi, engo (chuma cha umbo la L) ya 70×70×7, chuma cha S275, yaani kinachoanza kulegea kwenye newtoni 275 kwa milimita ya mraba. Eneo lake ni milimita za mraba 940. Bila tundu, zidisha kwa 275 upate takriban 258 kN (kilonewtoni) za mvuto. Tundu la 18 kwenye unene wa 7 linaondoa 126, zinabaki 814, yaani uwiano wa 0.87. Kijana anaandika 0.87 kwenye NSF, programu inamkubalia, na anaamini suala la tundu limekwisha.

Ila engo imefungwa kwa mguu mmoja tu. Nguvu haipiti katikati ya chuma, na mguu wa pili haufanyi kazi kikamilifu pale kwenye kiungo. Eurocode 3 sehemu ya 1-8 inalishughulikia hilo kwa kigezo kinachotegemea umbali kati ya bolti. Ukiwa na bolti mbili zilizoachana milimita 45, ambayo ni mara 2.5 ya tundu, kigezo ni 0.4. Chukua 0.4 × 814 × 410 (nguvu ya chuma hicho ya kukatika), gawa kwa 1.25 ya usalama: unapata kama 107 kN. Zile 258 zimeshuka chini ya nusu! Ukizitenganisha bolti hadi milimita 90, ambayo ni mara 5 ya tundu, kigezo kinapanda hadi 0.7 na engo ile ile inafika 187 kN. Hapo sasa bolti ndizo zinazotangulia kushindwa, kwa sababu M16 mbili za daraja 8.8 (bolti za chuma kigumu), uzi wake ukiwa pale shia inapozikata, zinabeba takriban 120 kN tu.

Kilichobadilika ni nafasi kati ya bolti na urefu kidogo wa pleti ya kuungia. Mstari wako kwenye programu haujui lolote kati ya hayo. Ndiyo maana NSF naiachia kazi yake ya eneo halisi, na kiungo nakikagua pembeni, kwenye jedwali la Excel ambalo kila mstari wake naweza kuufuata kwa kidole. Umbali wa tundu hadi ukingo wa chuma, angalau mara 1.2 ya kipenyo cha tundu, nao unakaguliwa huko huko.

Tundu la bomba ni habari nyingine, na kwangu ndilo lenye utamu. Chukua sakafu ya juu ya kiwanda cha samaki kando ya ziwa. Boriti ni IPE 300 (ya umbo la I, kina milimita 300), fundi wa majokofu anataka kupitisha bomba lake pamoja na sponji ya kuzuia joto, na anahitaji tundu la mviringo la milimita 150 kwenye webu, ule ubamba wa katikati uliosimama. Kijana akisikia "nusu ya kina cha boriti" anashtuka, anafungua programu, anaunda sehemu mpya yenye inesha iliyopunguzwa na kuivisha boriti nzima ya mita sita.

Piga hesabu kwanza. Webu ya IPE 300 ina unene wa 7.1. Inesha iliyoondoka ni 7.1 × 150³ ÷ 12, karibu sentimita⁴ 200, wakati boriti nzima ina 8,356. Hiyo ni asilimia 2.4. Kwa momenti na kwa kunepa, boriti haijasikia kitu. Uzito ulioondoka haufiki hata kilo moja. Lakini webu kati ya flenji mbili, yaani bamba za juu na chini, ina kina cha milimita 278.6, na umechukua 150. Zaidi ya nusu ya ubamba unaobeba shia haupo. Kwa hiyo yule aliyepunguza inesha ameshughulikia asilimia mbili na kuiacha ile nusu. Zaidi ya hapo, ukishaunda sehemu ya kwako yenye namba za kubuni, programu inaweza isiikague kwa kanuni kama inavyokagua IPE iliyo kwenye orodha yake, na hutaambiwa kwa sauti kubwa.

Halafu kuna jambo ambalo mstari hauwezi kabisa kulionyesha. Shia inapofika kwenye tundu inabidi ivuke kupitia vipande viwili vya umbo la T, kimoja juu na kimoja chini, na vipande hivyo vinapinda vyenyewe. Tunaita kupinda kwa Vierendeel, kwa jina la mhandisi Mbelgiji. Ukubwa wake ni shia mahali pale mara urefu wa tundu, na pembe nne za hizo T zinagawana mzigo huo. Tundu la mviringo huhesabiwa kama la mstatili lenye urefu wa 0.45 ya kipenyo. Shia ikiwa 40 kN, tundu letu la 150 linaleta 40 × 0.0675, yaani 2.7 kNm. Fundi huyo huyo akibadili mawazo na kutaka dirisha la mstatili lenye urefu wa milimita 300 na kina kile kile, unapata 12 kNm. Sogeza tundu la mviringo kuelekea katikati ya boriti yenye mzigo uliosambaa, shia ikishuka hadi 10 kN, linabaki kama 0.7 kNm.

Ndiyo sababu swali langu la kwanza ni "liko wapi?" na la pili ni "lina umbo gani?", na kipenyo nauliza baadaye. Karibu na nguzo sipendi. Chini ya mzigo mzito wa sehemu moja, kama mguu wa tenki au mota, nakataa. Kumwomba fundi wa majokofu ahamishe bomba lake mita moja hakugharimu chochote wakati bado ni mchoro. Wakikuambia haiwezekani, waambie wakuonyeshe michoro ya mabomba. Mara nyingi hakuna michoro, kuna kawaida tu.

Likiwa dirisha kubwa la mstatili na halihamishiki, hapo ndipo unaweza kulipa tundu mwili ndani ya programu bila kufika mbali. Gawa boriti: mistari miwili midogo, T ya juu na T ya chini, kila mmoja kwenye mhimili wa T yake, imeunganishwa mwanzoni na mwishoni na boriti kamili kwa viungo vigumu. Umepata fremu ndogo, na programu itakuonyesha momenti za T pale pale. Zikizidi, bapa za chuma zinazochomelewa kwa ulalo juu na chini ya dirisha ndiyo dawa ya kawaida.

Elementi za pleti, yaani kuchora chuma kama vipande vidogo bapa badala ya mstari, ni hatua ya mwisho. Vijana wanazikimbilia kwa kuwa zinapendeza kwenye ripoti. Ukizitumia, tengeneza kipande kile tu chenye tundu pamoja na urefu wa kutosha kila upande, usigeuze jengo zima. Zungusha meshi (mtandao wa vipande hivyo) nzuri kwenye ukingo wa tundu, maana mduara uliochorwa kwa elementi nne ni mraba. Na ukiona nyekundu, tulia. Tangu 1898 Mjerumani Kirsch alionyesha kuwa kwenye pleti pana inayovutwa, mkazo ukingoni mwa tundu la mviringo ni mara tatu ya ule wa mbali. Kwa mzigo uliotulia chuma laini hulegea kidogo pale na kugawa mkazo kwa majirani zake. Ukaguzi wa kanuni haukutishi kwa nukta moja. Kwa mzigo unaorudiarudia, kama boriti ya kreni, usitumie faraja hiyo. Pembe kali ya mstatili ni mbaya zaidi: kila ukisaga meshi ndogo zaidi, mkazo unapanda na hautafika mwisho. Namba unayoisoma hapo imetokana na meshi yako.

Pembe hizo usiziache kali hata kwenye chuma chenyewe. Nusu kipenyo cha mviringo wake kiwe angalau mara mbili ya unene wa webu na kisipungue milimita 15. Kwa IPE 300 mara mbili ni 14.2, kwa hiyo tumia 15. Karakana zetu zinalifanya vizuri kwa njia rahisi: unatoboa pembe nne kwa drili ya 30, kisha unakata kwa gesi kutoka tundu hadi tundu na kulainisha kwa grainda.

Mahali ambapo tundu lazima lichorwe kweli kweli ni kwenye modeli ya utengenezaji, kama Tekla. Huko napo kuna njia mbili zinazofanana kwa macho tu. Ukiliweka kwa amri ya bolti huku umeondoa bolti na kubakiza tundu, faili la mashine linaliandika kama tundu la kutobolewa, kwenye sehemu ya BO. Ukilikata kwa umbo la mduara, linaweza kuandikwa kama kontua ya ndani, IK, na mashine yenye drili peke yake haina la kufanya nalo. Kwenye skrini yote mawili ni duara safi. Kabla ya kutuma, fungua faili kwa kihariri cha maandishi, linasomeka.

Karakana nyingi hapa, hata hivyo, hazisomi faili. Fundi ana futi kamba, senta panchi, drili ya sumaku na karatasi yako iliyojaa grisi. Kwa hiyo vipimo vyote vianzie ncha moja ya boriti, visiwe vya kuungaunga kutoka tundu hadi tundu, ambapo kosa la milimita moja linakua njiani. Andika upande wa juu ni upi. Nilimsikia fundi mmoja mtu mzima wa Igogo akimuuliza kijana wetu aliyekuwa ndiyo kwanza amemwamkia: "Marahaba. Sasa injinia, hili tundu limekaa juu kidogo ya katikati. Nikiigeuza boriti, ni la chini. Unataka lipi?" Mchoro ulikuwa kimya. Kijana akapiga simu ofisini, na boriti ikasubiri juu ya stendi mpaka jibu lilipokuja.

Ombi la tundu likija kwa simu wakati chuma kiko tayari juu, omba namba ya boriti, umbali kutoka kwenye nguzo na picha inayoonyesha kilicho juu yake na chini yake. Usitoe ruhusa kabla hivyo havijafika, hata akiwa mteja mwenyewe. Vikifika, hesabu ya shia na T ni nusu ukurasa, na nusu ukurasa huo unaingia kwenye faili la mradi pamoja na picha.