Amri ya timu ni jambo moja, kuligeuza gari kuwa geti ni jambo jingine

Mleta mada ameuliza: kama timu inaruhusiwa kumwambia dereva ampishe mwenzake, kwa nini watu walilalamika sana kwenye mbio za magari za Formula 1 za Monaco 2025 pale madereva walipotembea taratibu makusudi ili kuwasaidia wenzao? Wengi hapo juu wamejibu kwamba ile ni mbinu tu na hakuna sheria iliyovunjwa. Wakuu, mimi nimewahi kuwa yule dereva wa mbele anayezuia, kwa hiyo naomba nieleze kwa urefu.

Zilikuwa mbio za gokati za saa 3, huku Ghuba ninakofanya kazi. Vigari vya kukodi, injini sawa kwa wote, madereva wanne wanapokezana usukani. Timu yetu ilikuwa na vigari viwili. Kwenye saa ya mwisho mwenzangu alikuwa wa tatu na mimi wa nne, na yeye alibakiwa na zamu moja ya lazima ya kubadilisha dereva. Akiingia wakati ule, angerudi nyuma ya kundi zima. Nahodha akanyanyua ubao ukutani. Uliandikwa herufi moja, P. Tulishakubaliana maana yake: polepole.

Kuzuia si kazi ngumu, na hilo ndilo linaloniuma. Uwanja ule una kona moja iliyojipinda kama ndoana, vigari viwili vinaenea kwa shida. Unafika pale unaachia mafuta mapema, unakaa katikati, unakata kona kwa mwendo wa mtu anayetafuta maegesho. Ukishatoka tu unakanyaga mpaka mwisho, na kwa kuwa injini ni zile zile, wa nyuma hakufikii. Mzunguko wa pili nikasikia bampa ya aliyenifuata ikigusa ya kwangu, tak, tak, bila hasira, kama mtu anayebisha hodi. Mzunguko wa tano nikageuza shingo kwenye kona: vigari sita vimebanana nyuma yangu, na yule wa kwanza amenyanyua mkono wa kushoto, kiganja wazi. Bendera ya buluu, ile ya kukuamuru upishe, hainihusu, maana hakuna aliyenizidi mzunguko. Mwenzangu akaingia, wakabadilishana, kigari chetu kikatoka bado kiko mbele yangu. Tukachukua kikombe cha nafasi ya tatu.

Sasa angalieni Monaco. Barabara ya kilomita 3.337, nyembamba, magari ya leo ni mapana, kupitana ni karibu muhali. Mwaka ule kila dereva alilazimishwa kutumia angalau seti 3 za matairi, yaani kusimama mara 2. Timu ya Racing Bulls wakamwambia dereva wao Liam Lawson apunguze mwendo, kundi likarundikana nyuma yake, na mwenzake Isack Hadjar akapata mwanya wa kubadilisha matairi bila kupoteza nafasi. Hadjar akamaliza wa 6, Lawson wa 8. Timu ya Williams nao wakafanya hivyo hivyo, Carlos Sainz na Alex Albon wakibadilishana zamu ya kuziba, Albon akamaliza wa 9 na Sainz wa 10. George Russell wa timu nyingine, aliyekwama nyuma ya Albon, alichoka mpaka akakata njia kwenye kona za kupindapinda akampita, akagoma kurudisha nafasi. Akaadhibiwa yeye.

Linganisheni na Austria 2002. Rubens Barrichello ameanza wa kwanza, ameongoza, halafu mita chache kabla ya mstari, kwa amri ya timu yao ya Ferrari, anampisha mwenzake Michael Schumacher. Uwanja mzima ukazomea. Mimi nilikuwa kijana, tuliangalia kwenye runinga ya jirani, na niliumia kwa niaba ya Barrichello, hasa kwa kuwa zilikuwa mbio za 6 tu za msimu na Schumacher alishashinda 4. Ferrari wakapigwa faini ya dola milioni 1, lakini kwa vurugu za jukwaani, maana amri yenyewe haikuwa kosa. Amri za timu zikapigwa marufuku kuanzia 2003. Matokeo yake timu zikaanza kusema kwa mafumbo. Hockenheim, Ujerumani, 2010 Felipe Massa wa Ferrari akaambiwa redioni kwamba Fernando, yaani mwenzake Fernando Alonso, ana kasi kuliko yeye, na kila mtu akaelewa kwamba ampishe. Faini dola 100,000, na 2011 marufuku ikaondolewa. Nadhani walifanya sawa kuiondoa. Ushindi ule ulitoka mfuko mmoja wa Ferrari ukaingia mfuko wao mwingine. Mtu wa timu nyingine hakuzuiwa kukimbia.

Hata Sergio Pérez kumbana Lewis Hamilton Abu Dhabi 2021 ili kumsaidia mwenzake Max Verstappen, mimi siiweki kundi moja na Monaco. Alikuwa na matairi yaliyochoka, alitetea nafasi aliyokuwa nayo, na Hamilton alikuwa na pa kupita, akapita.

Shida kubwa zaidi ni adhabu. Jeddah 2024 Kevin Magnussen alishapewa sekunde 20 kwa makosa mengine, mbio zake zimekwisha. Akabaki barabarani kuwazuia wengine, na mwenzake Nico Hülkenberg akapata pointi 1 ya nafasi ya 10. Mtu ambaye hana cha kupoteza utamwadhibu kwa nini? Adhabu inatakiwa imfuate aliyenufaika. Na kupima mwendo si kazi ngeni kwao, kwenye kufuzu, pale wanapopanga nafasi za kuanzia, tayari wanaweka muda wa juu wa mzunguko.

Yule aliyenyanyua mkono alinikuta mezani pa maji baada ya mbio. Nilidhani atanigombeza. Alivua glavu, akaweka helmeti chini, akasema, "Kaka, nimelipa ada kama wewe. Nilikuja kushindana, ukanifungia mlango." Sikuwa na jibu. Msimu uliofuata waandaaji waliweka kanuni kwamba kigari kikizidi muda wake wa wastani wa mzunguko kwa sekunde 4 bila hitilafu, kigari mwenza ndicho kinachoongezewa muda. Nahodha wetu hakuja tena na ubao wa P.